Vijiti Sita vya Ruti

Pale Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mtu akichimba shimo la choo akaliacha nusu, majirani humwambia, "Umeanza Kileonidasi." Mwenyewe Léonidas ameusikia msemo huo mara nyingi, na kila mara humkazia macho msemaji mpaka msemaji akumbuke kwamba ana shughuli kwingine. Si mtu wa kucheka. Ana miaka arobaini na minne, mabega ya mtu aliyebeba magogo tangu utotoni, na uso ambao hata ukimsalimia vizuri asubuhi utadhani umemwibia.

Msemo huo hata hivyo haukuzuka hewani. Nyuma ya nyumba yake kuna bwawa la samaki ambalo halijawahi kuona samaki. Wenyeji wake ni vyura. Kuna mizinga mitatu ya nyuki aliyoichonga kwa ustadi hata nyuki wakaingia bila kubembelezwa, asali ikakomaa, kisha ikaliwa na siafu, kwa kuwa fomu ya chama cha wafugaji ilirudishwa mara tatu na mara ya nne hakuipeleka. Kuna madawati mawili ya mfano, mazuri kweli, ambayo Gaudiose mkewe anayatumia kuanikia mihogo. Kila mradi ulianza na mikono mizuri, na kila mradi ulifia mahali pamoja: penye karatasi.

Shuleni kwao Bururi, Burundi, alikaa miaka mitano. Herufi hazikutulia mbele yake hata siku moja; zilitawanyika kama kuku waliotupiwa mtama, na alipomkamata mmoja wengine walikuwa wameshahama. Tarakimu nazo zilikuwa hivyo hivyo. Mwalimu alimchapa, baba yake akamchapa kwa kuwa mwalimu amemchapa, na mwaka wa tano akaenda kukaa kwa fundi seremala ambaye hakumuuliza chochote. Juzi juzi, kwenye mafunzo ya biashara, mkufunzi mmoja alimwambia kwamba hali yake ina jina, disleksia, na kwamba si ujinga.

"Na hao waliolitunga," akauliza Léonidas, "walikosa jina fupi la kuwapa watu wasiosoma?"

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Alirudi nyumbani na cheti, akakitumia kuziba ufa wa dirisha.

Alichokuwa nacho badala ya kusoma ni vijiti. Fundi wake alimfundisha hivyo, naye akaongeza mambo yake. Akipewa kazi, hukata kijiti kilichonyooka, akakisimamisha penye kazi na kukitia alama kwa kisu: mkato mmoja ni dirisha, miwili ni mlango, duara ni kona, ganda lililobanduliwa ni mahali ukuta unapoinama. Kazi moja, kijiti kimoja. Hakikosei, hakisahau, wala hakimwombi mtu akisome kwa sauti. Tatizo ni kwamba mteja wa mjini hawezi kupewa kijiti. Anataka karatasi yenye bei, tarehe na sahihi. Kwa ajili hiyo alimkaribisha Appolinaire.

Appolinaire alitoka Uvira, Kongo, alikowahi kuwa katibu wa shule ya msingi. Alikuwa na mwandiko wa kupendeza, viatu vilivyong'aa hata wakati wa vumbi, na sauti ya mtu anayesoma tangazo. Léonidas alileta randa, misumeno, patasi na kibanda. Appolinaire alileta kalamu. Wiki ya kwanza tu aliomba ubao mpana wa mvule, ule Léonidas aliokuwa ameuficha miaka miwili akisubiri kazi inayoustahili, akauandika kwa rangi nyekundu na kuupigilia juu ya mlango.

"Umeandika nini?" Léonidas aliuliza.

"Jina ya atelye," alisema Appolinaire, yaani karakana. "Batu bajue fasi ya kuingia."

Léonidas aliukubali ubao kama anavyokubali mvua. Maandishi hakuwa na desturi ya kuyatazama.

Basi mwezi wa kwanza mwaka huu ikaja kazi ya Ruti, pembeni mwa mji wa Mbarara. Mama Kembabazi, mwanamke mnene wa kauli kavu, alikuwa amenunua nyumba kuukuu kando ya barabara ya Kabale na kutaka kuigeuza hosteli ya wanafunzi. Alikuwa amefika mwenyewe Nakivale kuona kibanda chao kabla ya kuwaita. Vyumba vilikuwa sita, vyembamba. Alitaka kila kimoja kiwe na kitanda cha ghorofa kinachobana kutoka ukuta hadi ukuta, ili mtu asipoteze nafasi wala asikihamishe. Mbao angenunua yeye. Vitanda vifike Jumamosi saa sita mchana, kwa sababu wanafunzi wangeingia Jumapili. Fundi akimaliza sawasawa, kulikuwa na nyumba nyingine Biharwe yenye vyumba kumi na viwili.

Appolinaire alipima kwa utepe wake wa chuma. Alipita sakafuni, chumba hadi chumba, akaandika kwenye daftari, na chai ilipoletwa alikuwa ameshamaliza. Léonidas alichukua siku nzima. Nyumba ile ilijengwa na mtu asiye na haya: hakuna ukuta uliosimama wima. Akawa anapima chini, katikati na juu, anachonga, anarudi, anatia alama upya. Mama Kembabazi alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Wewe ssebo, nacheza na miti mpaka saa ngapi? Bosi yako amemaliza kitambo."

"Bosi gani?"

"Si huyo mwenye daftari? Kibao yenu pale kambi iko na jina yake moja tu."

Léonidas aliinamia kijiti chake. Alimaliza chumba cha sita, akavifunga vijiti vyake kwa kamba, na njia nzima ya kurudi Nakivale hakumtazama Appolinaire aliyekuwa ameketi ubavuni pake.

Walipofika alimwita bintiye Larissa, aliyekuwa kidato cha pili, akamsimamisha mbele ya kibanda. "Soma."

Msichana alimtazama baba, akatazama ubao, akatazama chini. "Inasema Useremala wa Appolinaire. Halafu namba yake ya simu."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, baba. Nilifikiri unajua."

Wote walifikiri anajua, au walijifanya. Miezi saba muuza chapati wa ng'ambo ya njia alikuwa anausoma, na walimu waliopita, na hata watoto wa darasa la pili. Miezi saba aliwasalimia watu chini ya jina la mwenzake. Ilikuwa aibu ile ile ya Bururi.

"Ondoa," alimwambia Appolinaire.

Appolinaire alikuwa anajifuta viatu kwa kitambaa. "Papa Léonidas, tusikie. Jina yenye inaandikwa ni ya mutu mwenye anaweka sahihi. Weye utaweka nini? Kijiti?"

Waliokuwa kwa muuza chapati walicheka. Gaudiose alikuwa amefika na beseni lake, akasimama kusikiliza.

"Nikimaliza kazi ya Ruti," Léonidas alisema, "utatoka humu na kalamu yako."

"Ukimaliza! Weye?" Appolinaire aligeukia hadhira yake. "Batu banasikia? Sawa. Ukimaliza Jumamosi saa sita, vitanda sita, mama akubali, mi natoka na sirudi. Usipomaliza, unabaki mufanyakazi wangu na unafunga kinywa. Mama Larissa, uko shahidi."

"Mimi?" Gaudiose alisema. "Mimi ni shahidi wa bwawa, wa mizinga na wa madawati. Ongezeni na hili, sina shida."

Kauli hiyo ilimchoma Léonidas kuliko kicheko cha mtaa mzima.

Jumanne alianza kupiga randa. Jioni hiyo hiyo akafariki mzee Nshimirimana, jirani wa nyumba ya tatu. Kwa watu wa mtaa ule, msiba una moto wake. Moto huwashwa uani kwa marehemu, wafiwa na majirani huuzunguka, na haupaswi kuzimika mpaka siku za kuomboleza ziishe. Na kuni Nakivale ni haba. Miti iliisha zamani, na mwanamke anaweza kutembea nusu siku kwa ajili ya mzigo mmoja. Kwa hiyo msiba ukitokea, wanawake hupita boma kwa boma wakikusanya. Hawaombi, wanachukua: kigogo, ubao uliovunjika, mguu wa kiti. Huwezi kuwakatalia, na kilichoingia katika moto wa msiba hakiulizwi tena. Anayeuliza anasemekana amemdai maiti.

Jumatano asubuhi Léonidas alikwenda na wanaume wengine kuchimba kaburi. Appolinaire alibaki kibandani. Alisema mgongo unamuuma. Léonidas aliporudi mchana na udongo mwekundu kwenye magoti, kona alimosimamisha vijiti vyake ilikuwa tupu.

Alitafuta chini ya meza, nyuma ya mbao, juu ya dari. Kisha akatoka nje, akakutana na Marcienne, mwanamke mrefu aliyekuwa akiongoza ukusanyaji wa kuni.

"Mama Marcienne, mlipita kwangu?"

"Tulipita. Tuliogopa kugusa mbao za watu. Appolinaire akatuambia, zile kavu za pembeni mchukue, hazina kazi. Mungu awabariki, ziliwaka vizuri sana."

Alikwenda msibani. Moto ulikuwa umetulia, na ukingoni mwa majivu kilikuwepo kipande cha shubiri moja, chenye mikato miwili na duara. Mlango na kona. Chumba cha pili, au cha nne. Appolinaire alikuwa ameketi kwenye kigoda jirani na moto, ameunyooshea mikono yake misafi, pamoja na mgongo wake unaouma.

"Asi, papa Léonidas," alisema polepole, kwa sauti ya msibani. "Sikujua. Mi niliona vijiti tu."

Wazee walimtazama Léonidas wakingoja atasema nini. Mjane alikuwa pale, kichwa kimefunikwa kanga. Kama Léonidas alikuwa na maneno, na alikuwa nayo mengi, hapakuwa mahali pa kuyasemea, na Appolinaire alilijua hilo kama anavyojua kuandika jina lake. Léonidas alimpa mjane mkono, akamwambia poleni, akaketi kwa muda unaotakiwa, akaondoka. Hakuna aliyeweza kuthibitisha lolote. Yeye hakuhitaji uthibitisho.

Kibandani Appolinaire alimkuta akiwa amesimama tu.

"Usikasirike bure. Vipimo viko mu daftari. Karatasi haiungue." Akaliweka daftari mezani, wazi, mahali Léonidas angelazimika kuliona. "Kesho tunakata. Mi nasoma, weye unapiga musumeno. Njo vile kazi inafanyika."

Léonidas alilitazama daftari. Kuku wale wa herufi walitawanyika. Lakini hakuhitaji kuwakamata; alikuwa ameshaona kwa macho yake utepe ukipita sakafuni tu, na mkono wake ulikumbuka jinsi kuta zilivyoinama. Haukukumbuka kiasi gani. Kiasi kilikuwa majivuni.

Alhamisi alfajiri alipanda gari la kwanza la Mbarara bila kumwambia mtu. Mama Kembabazi alimkuta getini, na hakulifungua.

"Vitanda iko wapi?"

"Nimekuja kupima tena, nyabo."

"Kupima! Kesho kutwa Jumamosi, wewe nakuja kupima?"

Angeweza kudanganya. Appolinaire angedanganya vizuri. Léonidas alimwambia ilivyokuwa: hasomi, anafanya kazi kwa vijiti, vijiti vilichomwa katika moto wa msiba. Alisema maneno hayo akiwa ameukunja uso, kama mtu anayetema.

Mama Kembabazi alicheka mpaka mlinzi akaja kuona. "Sasa mimi napatia nyumba yangu mtu hajui kusoma! Ninyi watu ya kambi, mtaniua." Kisha kicheko kikakatika. "Mimi nikitafuta fundi ingine leo, napata wapi? Kare, sawa. Saa moja. Saa moja tu, mlinzi anasimama na wewe. Na usiguse kitu."

"Nahitaji vijiti."

"Na vijiti pia hauna?"

Nyuma ya nyumba palikuwa na bustani ya maharage yanayopanda, yaliyokwisha kuvunwa, miti yake ya kuegemea bado imesimama mistari mistari. Alimruhusu sita. "Nahesabu. Jumamosi unarudisha zote."

Alipima kama mtu anayefukuzwa. Mlinzi, kijana aliyevaa koti la mvua juani, alimfuata chumba hadi chumba akipiga miayo. Chumba cha tano kilikuwa kama mkono wake ulivyomwambia: ukuta wa kushoto ulikuwa umejitenga kwa juu, kiasi cha upana wa kiganja. Kitanda cha chini kingelingana na daftari. Cha juu, mbao zingening'inia hewani, na mwanafunzi pamoja nazo. Alibandua ganda kwa kisu, mara mbili, ili asisahau hasira yake.

Alipofika Base Camp jua likiwa limeanza kuinama, alisikia msumeno kabla ya kuona kibanda. Appolinaire alikuwa amemkodi mkataji na tayari alikuwa amekata mbao za vyumba viwili, cha sita na cha tano, kwa kusoma daftari. Cha sita hakikuwa na kosa. Kuta zake zilikuwa karibu na wima, na Léonidas alilikubali hilo kimoyomoyo, kwa uchungu. Cha tano alikilinganisha na kijiti kipya. Mbao mbili ndefu za kitanda cha juu zilikuwa fupi kwa kiganja kizima.

"Nani alikutuma?" alisema.

"Ulikuwa umekimbia. Kazi ingengoja?"

"Hizi hazifiki."

"Daftari inasema zinafika."

"Basi daftari ndilo litakalolala juu."

Alimwambia mkataji aende. Kisha akaanza, akafanya kazi siku hiyo na Ijumaa nzima. Gaudiose alileta uji, akauweka mezani, akarudi kuchukua kikombe kikiwa kimejaa. Mara ya pili alisimama akamwangalia akikisimamisha kijiti kwenye ubao, akitia alama, akikata, akienda kwa kingine. Hakuna hesabu iliyofanywa, hakuna aliyeulizwa. Gaudiose hakusema kitu kuhusu bwawa. Alishika upande wa pili wa ubao uliokuwa ukiyumba, akaushikilia mpaka msumeno ukatoka.

Ijumaa jioni vitanda vitano vilikuwa tayari kufungwa, ila cha chumba cha tano kilikosa mbao zake mbili. Mbao za Mama Kembabazi zilikuwa zimekwisha. Kuunga vipande haikufaa. Watoto wa watu wangelala juu ya kiungo. Dukani hapakuwa na urefu ule. Mbao za kitanda chake mwenyewe zilikuwa fupi.

Jumamosi asubuhi, lori lilipokuwa linageuza, Léonidas alitoka nje na nyundo, akapanda kigoda na kuanza kung'oa misumari ya kibao cha mlangoni.

Appolinaire alikuja mbio, kiatu kimoja hakijafungwa. "Weye! Unafanya nini? Ile ni jina yangu!"

"Ni ubao wangu."

"Batu! Muone huyu mushenzi! Anaharibu mali!"

Watu walitoka. Muuza chapati aliacha kikaango. Hakuna aliyemshika Léonidas mkono, na ukweli ni kwamba hakuna aliyemsaidia pia. Alikishusha kibao, akakilaza mezani, akakisimamishia kijiti cha chumba cha tano. Kilizidi kwa vidole viwili, akavikata. Akakipasua katikati kwa urefu, mvule ule mzuri aliokuwa ameuficha, na unga mwekundu wa rangi ukaanguka juu ya viatu vya Appolinaire.

Ruti walifika saa tatu na robo. Mama Kembabazi alikuwa getini na saa mkononi. Kitanda cha kwanza kiliingia, cha pili, cha tatu. Léonidas alikuwa anaweka kijiti ukutani kwanza, kisha anabamiza ubao kwa kiganja, tap, unakaa. Chumba cha tano alikiacha mwisho. Mbao za mvule zilipanda, zikagusa ukuta wa kulia, zikagusa ukuta wa kushoto, zikakaa. Mama Kembabazi alikisukuma kwa bega, naye hakuwa mtu mdogo. Kitanda hakikusogea. Aliinama akachungulia chini ya kitanda cha juu.

"Hii maandishi ni ya nini?"

"Kibao."

Alisoma, midomo ikicheza. Nusu ya juu ya herufi ilikuwa upande huu, nusu ya chini upande ule. "Sasa mwanafunzi wangu nalala chini ya jina ya huyo mtu?"

"Yatasuguliwa kwa randa ukitaka."

"Wacha. Nani nalipia wewe kusugua?" Akaingia bustanini na vile vijiti sita, akavihesabu mara mbili. "Hii moja umekata kata sana. Imeharibika."

"Ni cha chumba cha tano."

"Ni ya maharage yangu." Akamtupia. "Chukua hiyo takataka. Jumatatu uko Biharwe saa mbili. Ukichelewa nafunga gate. Na huyo wa daftari, mimi sitaki kuona yeye."

Hakumshukuru, wala Léonidas hakutarajia. Saa ilikuwa sita kasoro dakika chache.

Appolinaire aliondoka Jumapili. Kwa kuwa ahadi ilikuwa na mashahidi, hakuwa na la kufanya, ila alibeba daftari, kopo la misumari na kigoda ambacho hakikuwa chake. Sasa ana kibanda upande wa pili wa soko, chenye kibao kikubwa kuliko kile cha kwanza. Wakikutana njiani hawasalimiani. Msemo wa Kileonidasi bado uko Base Camp. Watu hawaachi utamu wao kwa sababu ya vitanda sita.

Juu ya mlango wa Léonidas hakuna kitu, matundu manne tu ya misumari. Larissa alijitolea kumwandikia kibao kipya. Alimwambia aandike masomo yake.

Jumapili ile ile, siku ya mwisho ya moto wa mzee Nshimirimana, Marcienne alipita tena. Safari hii alisimama nje ya mlango.

"Baba Larissa, sijui niguse nini na niache nini."

Léonidas aliingia ndani. Kijiti cha chumba cha tano kilikuwa kimefungwa juu kabisa, kwenye pau, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki bila ngazi. Aliokota kwenye kona ile ile ya zamani zile mbao mbili fupi, alizokata Appolinaire, zikiwa na tarakimu zake za kalamu, safi, zimepigiwa mstari. Akazivunja kwa goti moja baada ya nyingine na kumkabidhi.

"Hizi ni kavu," alisema. "Hazina kazi."